Badiliko Lilianzia Wapi? Tusimbebeshe Mama Lawama



Hivi karibuni tulikuwa Tuala kwa mkutano wa kawaida wa kikundi cha akina mama. Hesabu ya mzunguko ilipokwisha na chai ikanywewa, mama mmoja alibaki nyuma akijifanya anakunja leso. Tulipobaki peke yetu akatueleza shida yake. Kijana wake wa kwanza alipashwa tohara mwezi wa Desemba, na damu haikukoma. Siku ya kwanza watu walisema ni kawaida. Siku ya pili wakamfunga kitambaa kingine. Siku ya tatu alifikishwa hospitali akiwa amelegea kabisa, na huko ndiko walikoambiwa kwamba ana hemofilia, yaani damu yake haigandi kama ya watu wengine.

Mtoto alipona, lakini maneno yakaanza nyumbani. Shemeji zake walikaa chini wakasema, "Kwetu hatujawahi kuona kitu kama hiki. Hii damu umekuja nayo." Naye akajibu, "Hata kwetu haijaonekana." Hakuna aliyemwamini. Siku tulipozungumza naye, ilikuwa imeshapendekezwa arudi kwa baba yake.

Tulimwahidi kwamba mkutano unaofuata tutaeleza jambo hili mbele ya watu wote, wazee wakiwepo. Tuliyoyasema siku ile ndiyo tunayoandika hapa, kwa sababu tunajua Tuala si mahali pekee ambapo mama anaulizwa swali hili.

Tuanze na kitu ambacho kila kikundi kinakijua: katiba. Tuseme katibu ameambiwa ainakili katiba ya kikundi kwa mkono. Nakala ya kwanza itakuwa safi. Akiendelea, nakala kutoka kwa nakala, mara mia moja, mara mia mbili, hata awe mwangalifu namna gani, herufi itamponyoka. Makosa mengi hayatadhuru kitu. Akiandika "mwaka hazina" badala ya "mweka hazina", bado mtaelewana. Lakini siku moja atasahau sifuri, na ada ya shilingi 1,000 itakuwa shilingi 100, na hapo kuna kesi. Na yeyote atakayenakili kutoka kwa karatasi hiyo atalirudia kosa bila kujua kwamba ni kosa.

Mwili wa mtu nao una kitabu chake. Kiko ndani ya kila seli, zile chembe ndogo ambazo mwili umejengwa nazo, na kimeandikwa kwa herufi kama bilioni 3 kutoka kwa baba na bilioni 3 nyingine kutoka kwa mama. Sehemu ya kitabu inayotoa amri moja, kwa mfano namna ya kugandisha damu, inaitwa jeni. Kila seli inapogawanyika kitabu chote kinanakiliwa. Herufi ikibadilika katika mbegu ya baba au katika yai la mama, mtoto atakayetokana nayo atazaliwa na badiliko ambalo wazazi wake hawana. Ni jambo jipya, limeanzia pale. Kwa hiyo mtu akisema "kwetu halijaonekana", inawezekana kabisa anasema kweli, na wale wa upande wa pili pia wanasema kweli.

Sasa tuulize: je, baba na mama wanakosea sawasawa katika kunakili? Hapana.

Mtoto wa kike anazaliwa akiwa na akiba ya mayai yake yote. Kazi ya kuyatengeneza inakwisha akiwa bado tumboni mwa mama yake. Seli zake zimegawanyika mara 20 na kidogo hivi, basi. Baada ya hapo mayai yanawekwa kama karatasi ndani ya sanduku. Mwanamume hafanyi hivyo. Tangu anapobalehe mwili wake hauachi kutengeneza mbegu, usiku na mchana, hadi uzee. Wataalamu wanakadiria kwamba seli zinazotoa mbegu zinagawanyika kama mara 23 kila mwaka. Mbegu ya kijana wa miaka 20 imetoka kwenye kitabu kilichonakiliwa kama mara 150. Mbegu ya mwanamume wa miaka 40, zaidi ya mara 600. Katibu wa upande wa baba hapumziki.

Mwaka wa 2012 watafiti wa Iceland walisoma kitabu chote cha familia 78, yaani baba, mama na mtoto, herufi kwa herufi. Waliona kwamba baba wa miaka 20 alimpa mtoto wake mabadiliko mapya kama 25. Baba wa miaka 40 alimpa kama 65. Mama alimpa kama 15. Mwaka wa 2017 wakarudia kazi hiyo kwa familia zaidi ya 1,500, wakaona kwamba umri wa mama nao unaongeza, ila polepole: badiliko moja katika karibu miaka mitatu, wakati baba anaongeza moja na nusu kila mwaka. Hata karatasi iliyofungiwa sandukuni, unyevu na mchwa huifikia. Na tusiseme kunakili ndiko kunakoeleza yote, maana hata kwa wazazi vijana upande wa baba unazidi kuliko hesabu ya kunakili peke yake ingetufanya tutarajie. Wataalamu wanaona kwamba herufi nyingine huharibika zenyewe na hazirekebishwi vizuri. Hata hivyo jumla haibadiliki: kati ya mabadiliko mapya ya herufi ambayo mtoto huzaliwa nayo, matatu au manne kwa kila moja la mama yametoka kwa baba.

Watu wakasema, "Ala!" Mzee mmoja akavua kofia, akaivaa tena.

Kwa nini basi tunasema hakuna wa kulaumiwa? Kwa sababu kila mmoja wetu aliyekuwa pale, mzee kwa kijana, amezaliwa na mabadiliko kama hayo kwa makumi, na hatuyajui. Karibu yote yameangukia mahali ambapo hayana neno. Ni mara chache sana badiliko linaangukia penye amri muhimu.

Turudi kwa kijana wetu. Jeni za kugandisha damu zinazoharibika katika hemofilia ziko kwenye kromosomu X. Kromosomu ni kama juzuu za kile kitabu. Mwanamke ana X mbili, moja ya mama yake na moja ya baba yake. Mwanamume ana X moja aliyopewa na mama, na Y moja aliyopewa na baba. Kwa hiyo ni kweli, kijana hapati hemofilia kutoka kwa baba yake, maana baba hakumpa X. Shemeji wa yule mama walikuwa wamegusa ukweli kidogo, kwamba njia ilipita kwa mama. Lakini njia si chanzo. Mtu akipita kwako na mzigo, hatusemi wewe ndiye uliyeufunga.

Mwaka wa 1947 mwanasayansi mmoja Mwingereza, J.B.S. Haldane, alikaa na hesabu za familia zenye hemofilia akajiuliza swali hilo hilo. Aliona kwamba mara nyingi, hata pale ambapo ukoo mzima haukuwa na mgonjwa, mama wa mtoto mgonjwa tayari alikuwa amebeba badiliko katika mojawapo ya X zake mbili. Sasa yeye alilipata wapi kama mama yake hakuwa nalo? Kwa baba yake. Haldane akasema kwamba mabadiliko haya yanaanzia kwa wanaume mara nyingi zaidi kuliko kwa wanawake; alikadiria kama mara kumi. Siku hizi makadirio ni madogo kuliko hayo, lakini alikuwa ameona vizuri. Tena tangu miaka ya 1990 inajulikana kwamba karibu nusu ya hemofilia kali ya aina A inatokana na kosa moja, ambapo kipande cha jeni kinageuzwa juu chini, na kosa hilo hutokea karibu kila mara katika kutengeneza mbegu za kiume.

Angalieni safari yake. Babu, mzima kabisa, anapata mtoto wa kike. Katika mbegu ile moja tu, kati ya mamilioni, kulikuwa na badiliko. Binti anakua mzima, kwa sababu ana X nyingine inayomsaidia, ingawa wanawake wengine wa namna hiyo hutokwa damu nyingi kwenye hedhi au wakijifungua. Anaolewa. Anazaa mtoto wa kiume, na anampa X moja. Ikiwa ni ile yenye badiliko, mtoto hana nyingine ya kumwokoa. Kisu cha tohara kinapita, na watu wanamgeukia mama.

Wasidhani wazee wetu kwamba hili ni la maskini. Malkia Victoria wa Uingereza alibeba hemofilia, na kupitia mabinti zake ikafika hadi nyumba za kifalme za Urusi na Hispania. Kabla yake haijulikani katika ukoo wake. Baba yake alikuwa na miaka 51 Victoria alipozaliwa mwaka wa 1819, na wengi wanaona huenda badiliko lilianzia kwake. Hakuna aliyemrudisha Victoria kwao.

Kuna ulemavu mwingine ambao unaonyesha jambo la umri wazi zaidi. Ni ule wa watu wafupi wa kimo, wenye mikono na miguu mifupi na kichwa kikubwa kidogo, uitwao akondroplasia. (Tafadhali tuache lile jina la dharau ambalo watoto wanawaitia njiani.) Kama watoto wanne kati ya watano wenye hali hiyo wanazaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida. Mwaka wa 1912 daktari Mjerumani Wilhelm Weinberg aliona kwamba mara nyingi ni vitinda mimba. Watu wakafikiri ni uchovu wa mama. Mwaka wa 1955 Mwingereza Lionel Penrose akatenganisha umri wa mama na umri wa baba katika hesabu, na ikaonekana ni umri wa baba. Jeni yenyewe ilijulikana mwaka wa 1994, na tangu hapo kila walipofuatilia badiliko hilo jipya limetoka karibu daima upande wa baba. Badiliko hili lina ujanja wake pia: seli iliyolipata, mle ndani ya mwili wa baba, inaongezeka kuliko wenzake, kama gugu katikati ya mahindi. Ndiyo maana miaka ikizidi linazidi.

Hapa tulinyamaza kidogo, kwa sababu kila mtu alikuwa anafikiri kitu kimoja. Katika mila ya Kimaasai morani alikuwa haoi mpaka rika lake litoke umorani, na mzee aliweza kuoa mke wa pili na wa tatu akiwa na mvi. Hata sisi tuliotoka mikoa mingine, ambao tumekuja kununua ploti Tuala tangu mashamba yaanze kukatwa, tunawajua kwetu wazee wa miaka 60 wenye watoto wachanga. Mke ana miaka 22. Mtoto akizaliwa tofauti, nani anaitwa kikaoni? Ni yule wa miaka 22.

Hatukusema hivyo ili lawama itoke kwa mama ihamie kwa mzee. Watoto wengi sana wa baba wazee wanazaliwa wazima, na akondroplasia ni mtoto mmoja katika watoto 25,000 hivi. Tena si kila kitu kinatoka kwa baba. Ule ulemavu wa akili uitwao Dauni unatokana na kromosomu moja kuzidi, na hilo mara nyingi hutokea kwenye yai. Hatari yake inapanda mama anapokaribia miaka 40, kwa sababu yai limekaa miaka mingi likisubiri. Na ulemavu wa ngozi, yaani ualbino, ni hadithi nyingine kabisa: mtoto lazima apate jeni yenye badiliko kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, wote wawili, na kwa kawaida wote wawili wamelirithi kutoka mababu wa zamani sana. Baba anayemkataa mtoto mwenye ualbino akisema "huyu si wangu" hajui kwamba mtoto huyo amebeba sehemu yake pia.

Ndipo mzee wa kofia akauliza swali ambalo tulilitegemea tangu mwanzo, maana Tuala ni Tuala. "Na ng'ombe je?"

Ng'ombe pia, mzee. Mwaka wa 2023 kundi la watafiti lilitoa matokeo ya kulinganisha wazazi na watoto katika aina 68 za wanyama wenye uti wa mgongo. Kwa wanyama wanaonyonyesha na kwa ndege, dume alitoa mabadiliko mapya kuliko jike. Kwa samaki na jamii ya mijusi na nyoka tofauti hiyo haikuonekana. Panya, ambaye anazaa akiwa na miezi michache tu, ana tofauti ndogo kuliko binadamu. Kabla ya hapo, mwaka wa 1987, Mjapani Takashi Miyata alikuwa ameonyesha njia ya kulijua jambo hili bila kupima hata mzazi mmoja. Kromosomu Y ni kama jina la ukoo, inatoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, haipiti kamwe kwa mwanamke. X inakaa kwa wanawake theluthi mbili ya wakati wake. Kama wanaume ndio wanaokosea zaidi katika kunakili, basi Y inapaswa kuwa imebadilika haraka kuliko X tangu zamani. Na ndivyo ilivyo.

Kwa mfugaji, uzito hauko katika dume kutoa mabadiliko mengi tu, bali katika wingi wa watoto wake. Ng'ombe jike atakupa ndama wachache maishani. Fahali wa boma anapanda kundi zima, na fahali wa mbegu za sindano anaweza kuwa na ndama maelfu, katika nchi ambazo hajawahi kukanyaga. Wafugaji wa Friesian wanapaswa kumjua Carlin-M Ivanhoe Bell, fahali wa Marekani aliyezaliwa mwaka wa 1974. Binti zake walikuwa na maziwa mazuri na mbegu zake zikasambaa duniani. Miaka ya mwisho ya 1990 huko Denmark ndama wakaanza kuonekana waliozaliwa wafu, shingo fupi, miguu imepinda. Walipofuata ukoo wakafika kwa Bell na kwa baba yake, Penstate Ivanhoe Star. Badiliko hilo lilikuwa limejificha, kwa sababu ndama lazima alipate pande zote mbili ndipo adhurike, na lilijitokeza pale ukoo ulipokutana na ukoo. Kwa hiyo tulimwambia mzee: fahali akishaanza kufikia umri wa kupanda binti zake, mbadilishe na jirani au muuze. Na mnaponunua mbegu za sindano, mwulizeni mtaalamu jina la fahali na mwandike kwenye daftari, mwaka kwa mwaka. Wengi wetu tunauliza bei peke yake.

Sasa yale ya mtoto mwenye hemofilia, maana hayo hayangoji.

Mtoto wa kiume ambaye anavimba magoti au viwiko bila kuanguka vibaya, anayepata mavilio makubwa akianza kutambaa, au ambaye damu ya jino au ya jeraha dogo inaendelea kwa saa nyingi, asipelekwe tohara kabla ya kupimwa. Karibu theluthi moja ya wagonjwa hawana historia yoyote katika familia, kwa hiyo msingoje mpaka mkumbuke mjomba fulani. Akiumia, bonyeza jeraha bila kuachia, weka kitu cha baridi, mpeleke hospitali na useme mapema, "Mtoto huyu ana hemofilia." Asipewe aspirini wala ibuprofeni, kwa maumivu panado inatosha. Asichomwe sindano ya msuli kabla daktari hajajua hali yake. Dawa yenyewe ni ile protini ya kugandisha damu iliyokosekana, inatiwa kwenye mshipa. Hospitali ya Kenyatta ina kliniki ya wagonjwa hawa, na Eldoret pia wanahudumiwa katika hospitali ya rufaa ya Moi. Sehemu kubwa ya dawa hiyo imekuwa ikija nchini kama msaada kupitia shirikisho la hemofilia la dunia, kwa hiyo mtoto aandikishwe huko mapema ili ajulikane, si siku ya dharura.

Tohara yenyewe si kwamba haiwezekani. Inawezekana hospitalini, dawa ikitiwa kabla na baada. Hili tulilirudia mara mbili kwa sababu ya wazee, ambao hofu yao kubwa ilikuwa kijana kukosa rika.

Baba mkwe wa yule mama alikuwa amekaa mstari wa nyuma muda wote. Mwisho alisimama akauliza swali moja: wadogo zake kijana ni watatu, je, nao? Tulimjibu kwamba kila mtoto wa kiume wa mama aliyebeba badiliko ana nusu kwa nusu, na kila binti ana nusu kwa nusu ya kulibeba kama mama yake, na hakuna anayeweza kujua kwa kumtazama. Mzee akakaa. Jumatatu iliyofuata aliuza mbuzi wawili, na yeye mwenyewe akapanda matatu na mkaza mwana wake na wale wavulana wawili wakubwa kwenda kupimwa. Mmoja yuko salama. Mwingine, wa miaka tisa, ana hemofilia kama kaka yake, na jina lake limeshaandikwa kliniki. Kitinda mimba atapelekwa shule zikifungwa, pamoja na dada yake.